Ndoa ya Jailosi Isiyo na Msemaji

Mwaka aliofariki Dailesi, kijiji cha Chimbwala kilikuwa na vihenge ishirini na sita vya mahindi, na kumi na tisa kati ya hivyo vilisukwa na mumewe, Jailosi Kathumba. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mwanzi aliukata mwezi wa sita, maji yakiwa yameshuka kwenye mti. Aliupasua mara nne, akauweka kivulini siku tisa, ndipo akaanza kusuka. Aliyekuwa na haraka alimwambia akatafute fundi mwingine, na fundi mwingine hakuwapo.

Pamoja na hayo, hakuwa mtu wa Chimbwala. Katika vilima vya Ntchisi ardhi hufuata akina mama. Mwanamume akioa huhama kwao, hujenga kwa mkewe, na jina lake huwa mkamwini, mume aliyekuja. Watoto atakaozaa ni wa ukoo wa mama yao, na mwenye neno juu yao ni mjomba. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Jailosi alilishika jembe hilo miaka thelathini na moja, na bado wanawake wa kisimani walipompisha njia walisema, "Pita, Mkamwini."

Kitu kimoja tu ndicho humtofautisha mkamwini na mpangaji, nacho ni nkhoswe. Ndoa ya huko haishikwi na watu wawili. Kila upande huwa na msemaji wake, nkhoswe, mtu mzima wa ukoo anayejulikana na upande wa pili. Mke na mume wakigombana, wasemaji hukaa. Mmoja akiugua, msemaji wake huarifiwa. Mmoja akifa, wasemaji ndio huzungumza juu ya maiti, kaburi, na yule aliyebaki. Nkhoswe mwenyewe akifa, ukoo wake huleta mwingine. Usipomleta, ndoa huning'inia kama mlango wenye bawaba moja: hufunguka na kufungwa vizuri tu, mpaka siku ya upepo.

Msemaji wa Dailesi alikuwa kaka yake, Lingisoni, mtu mnene, mcheshi, mpenda pombe ya mtama. Msemaji wa Jailosi alikuwa baba yake mdogo, Zakeyo, wa kule Dedza. Zakeyo alifariki mwaka 1994. Jailosi na Dailesi walikwenda mazishini pamoja. Walikuwa na miaka saba ya ndoa na hawakuwa wamepata mtoto.

Siku ya tatu ya matanga, Sandifolo, kaka mkubwa wa Jailosi, alisafisha koo mbele ya watu. Dailesi alikuwa hatua tano tu kutoka pale, anapakua nsima, ugali wa huko.

"Sasa, mdogo wangu, mzee ametutoka. Nami nakuuliza. Mti usiozaa unaumwagilia maji wa nini? Tena si mti wako, umeota uani kwa watu. Rudi nyumbani. Wanaume wa kwetu hawafuati sketi."

Wachache walicheka. Mwiko wa Dailesi ulisimama hewani, kisha ukaendelea na kazi. Jailosi akainuka, akamnyang'anya mkewe mwiko ule, akauweka chini.

"Twende," akamwambia. Kisha akamgeukia kaka yake. "Mimi na wewe tumeishia hapa. Hata nikifa usije."

"Nitakujaje? Huko kwa mkeo nani ananijua?"

Waliondoka mchana uleule, na hakuna aliyetajwa kushika nafasi ya Zakeyo.

Mwaka uliofuata alizaliwa binti. Dailesi mwenyewe alimchagulia jina, Tiyanjane, maana yake tupatane, na mwenye masikio alielewa neno hilo lilikuwa linamwendea nani. Mtoto alipotimiza miezi mitatu, akasema waziwazi.

"Baba Tiyanjane, nenda Dedza. Mwambie kaka yako tumepata mtoto. Mwombe awe nkhoswe wako, au amtaje mwingine."

"Yule aliyekutukana?"

"Alinitukana mimi, na mimi nimeshamaliza. Wewe ndiye unayelitunza tusi langu kama mbegu."

"Na huyo nkhoswe atalinda nini? Kwani wewe utanifukuza?"

"Sitakufukuza."

"Mimi je, nitakukimbia?"

"Kwa magoti hayo? Utafika kisimani utaomba maji."

"Basi yameisha."

Dailesi hakusema kuwa yameisha. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda shambani. Neno hilo alilirudia kila baada ya mavuno, mwaka hata mwaka, bila kupaza sauti, na kila mara Jailosi alikuwa na jibu. Hakuwa akifanya ukaidi wa bure. Moyoni mwake, kukataa kule kulikuwa zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mkewe. Alikuwa amewakata ndugu zake kwa ajili yake. Kurudi kuwapigia magoti, aliona, ni kusema kwamba tusi lile lilikuwa la haki. Tena aliamini kwamba mtu anayetaka shahidi ameshaanza kushuku. Kama Dailesi anamwamini na yeye anamwamini Dailesi, huyo mtu wa tatu anakuja kusimamia nini?

Na maisha yalikuwa kama yanampa haki. Wizi ulipoingia Chimbwala, watu wakaanza kuacha vihenge vya nje na kulaza mahindi kwenye magunia chini ya vitanda. Kihenge cha Dailesi kilibaki uani, na hakikuguswa. Mke na mume walikula sahani moja hata wageni wakiwapo, jambo lililowafanya vijana wacheke na wake zao wanune. Jailosi alipopasuliwa mguu na shoka, Dailesi alimbeba kwa baiskeli kilomita kumi na nne, akisukuma kwenye vilima, akitukana vilima vyenyewe kwa majina. Ndoa zenye wasemaji wawili wawili zilivunjika kushoto na kulia, ya kwao ilidumu.

Lingisoni aligusia jambo hilo mara moja tu. Ilikuwa Jumapili, wamekaa na kibuyu kati yao.

"Shemeji, upande wako kuna kiti kitupu."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Ndiyo maana nakuambia leo, nimeshiba na nimecheka. Nkhoswe si wa siku kama hii. Ni wa siku nitakayokuwa na hasira, au nitakayokuwa sipo."

"Wewe na hasira? Hasira yako inaisha kibuyu kikifika."

Lingisoni akacheka, akamimina. Hakulirudia tena. Kwao mwenye kukumbushwa mara mbili ametukanwa.

Mwezi wa nne mwaka 2018 tumbo la Dailesi lilianza kujaa. Hospitali ya wilaya ikampeleka Lilongwe, na Lilongwe wakamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu na maneno machache. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano alikuwa halali ila ameegemezwa ukutani. Tiyanjane, aliyekuwa ameolewa na kujengewa nyumba palepale kijijini kama ilivyo desturi, alikuja kumuuguza mchana, na baba yake akashika zamu ya usiku.

Jumatatu moja asubuhi Dailesi akamwita mumewe, akamwambia afunge mlango.

"Nikifa utakaa wapi?"

"Usiseme hivyo."

"Nakuuliza utakaa wapi."

"Hapa."

"Nani atakayesema kwamba ukae hapa?"

"Mimi mwenyewe."

"Mume hajisemei, Jailosi. Unajua. Miaka yote unajua." Akapumzika kidogo. "Nyumba si kitu. Mimi nataka siku yako ikifika ulazwe karibu yangu, kule kwetu. Na makaburini kwetu haingii mtu asiyesemewa. Nimekuomba nikiwa mzima ukaniona nina wasiwasi. Sasa nakuomba hivi nilivyo."

"Na nikikuacha hivi?"

"Siku mbili. Nitakungoja."

Jailosi alitoka nje akasimama uani muda mrefu. Kuondoka ilikuwa kumwacha. Kubaki ilikuwa kumnyima kitu alichokiomba miaka ishirini na mitatu. Jumanne alfajiri akaondoka kwenda Dedza. Simu ya nyumbani ilikuwa moja, akaiacha chini ya mto wa mgonjwa.

Sandifolo alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Alimtambua mdogo wake kwa sauti.

"Kumbe hujafa."

"Sijafa, kaka."

"Ulisema mimi na wewe tumeishia pale. Au miaka hii nimekuwa mtu mwingine?"

Jailosi akapiga magoti. Magoti yale mabovu yalilia mpaka watu wakageuka. Akaeleza yote: mtoto, ugonjwa, makaburi. Sandifolo alisikiliza akitafuna mua, akatema makapi.

"Nilisema maneno mabaya siku ile," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimelewa, na nilikuwa na wivu. Mke wangu hakuwahi kunitazama vile yule wako alivyokuwa akikutazama. Ungerudi mwaka ule ule ningekuomba radhi. Ulipokaa kimya miaka mitano nikasema, basi, na mimi nina kiburi."

"Basi twende kesho."

"Kesho haiwezekani. Nkhoswe hatajwi kwa mdomo mmoja. Binamu zako wawili wako mnadani Lizulu, watarudi Ijumaa. Tutakaa Jumamosi. Nikienda bila kikao, shemeji yako ataniuliza nani kanituma, nitajibu nini?"

Hilo lilikuwa kweli, na Jailosi alilijua kuwa kweli. Akangoja. Jumatano akapasua kuni za kaka yake. Alhamisi akapasua za jirani. Ijumaa hapakuwa na kuni zilizobaki, akakaa njia panda kuwatazamia binamu. Jumamosi kikao kilikaa robo saa tu, kikamtaja Sandifolo. Jumapili wawili hao wakashuka Chimbwala saa tisa alasiri, Sandifolo amevaa koti la kuazima.

Uani palikuwa pamefagiliwa na majivu ya moto wa msiba yalikuwa yameshazolewa. Tiyanjane alitoka ndani, kichwa kimenyolewa.

"Alifariki Alhamisi, baba. Tulizika Ijumaa."

Jailosi aliuliza swali moja. "Alisema nini?"

"Jumatano aliuliza kama umefika. Akauliza tena mchana. Akauliza tena jioni. Alhamisi hakuuliza."

Hapo Jailosi alikaa chini mahali alipokuwa, mavumbini, na Sandifolo hakujua amwinue au akae naye.

Kikao kilikaa Jumatatu. Upande mmoja walikuwa Lingisoni, wazee watatu wa ukoo, na mama mkubwa wa marehemu, Bi Nasibeko, ambaye neno lake ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Upande wa pili walikuwa watu wa Dedza, mtu na mdogo wake.

"Kwanza tunawapa pole," Lingisoni alianza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Pili, mtusamehe kwa kuzika bila ninyi. Tungemtuma mtu wapi? Upande wa shemeji hatuujui mlango."

"Leo mmeujua," Sandifolo akasema. "Mimi ndiye nkhoswe wa Jailosi Kathumba. Nimetajwa na ukoo Jumamosi."

"Jumamosi," Bi Nasibeko akarudia, taratibu. "Mtoto wetu alikuwa ardhini tangu Ijumaa. Nkhoswe huletwa kwa ndoa, baba. Wewe umeletwa kwa nini?"

Ndipo Sandifolo, aliyekuwa amemtukana Dailesi mbele ya sufuria, akasema kwa namna ambayo hakuwahi kusema maishani.

"Nimeletwa na aibu yangu. Mimi ndiye niliyemtenga huyu na kwao. Alitutupa sisi, damu yake, kwa ajili ya binti yenu. Hakuja kwa arusi zetu wala misiba yetu. Mama yetu alikufa hakuja. Mtu akimtupa mama yake kwa ajili ya mke, ninyi mnataka kipimo gani kingine cha thamani? Nyumba hii ameijenga. Vihenge hivi ninavyoviona kila upande ni mikono yake. Haombi nyumba, haombi shamba. Anaomba futi sita."

Mzee mmoja alijifuta uso kwa kofia. Lingisoni aliinama.

"Maneno mazuri," alisema. "Yangesemwa Jumatano, yangekuwa na kazi."

"Kuna wakamwini wanne kijijini hapa wasio na wasemaji," Bi Nasibeko akaongeza. "Wote wapole. Wote wanapendwa na wake zao. Tukimwingiza mmoja kwa sababu tunamwonea huruma, kesho tutamzuia yupi? Makaburi ni ya ukoo, si ya huruma."

Jailosi akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Shemeji Lingisoni. Umenijua miaka thelathini na moja. Huniamini?"

"Nakuamini kuliko ndugu zangu. Lakini kuamini kwangu ni kwangu. Nikifa kunakufa nami. Huwezi kumzikia mtu juu ya kitu kinachokufa."

Tiyanjane alikuwa amekaa nyuma ya wanawake. Aliomba ruhusa, akasema baba yake angeweza kukaa kwake. Kabla mjomba hajajibu, aligeuka akamtazama mumewe, ambaye naye ni mkamwini, akimheshimu baba mkwe wake kiasi cha kutokula mbele yake. Katika ua mmoja wasingeweza kupitana bila mmoja kujificha. Akalirudisha neno lake, akakaa.

Jioni alimfuata baba yake nyuma ya nyumba.

"Baba, ningefanya nini? Mimi ni mtu wao."

"Ni mtu wao," Jailosi akajibu. "Hukukosea."

Aliondoka Jumatano na shoka, kisu cha kupasulia mwanzi, blanketi na koti. Vingine vyote vilikuwa vya nyumba, na nyumba ilikuwa ya ukoo. Lingisoni alimsindikiza mpaka barabarani, akilia waziwazi, akimshika mkono kama mtu anayemsafirisha ndugu.

Dedza walimpa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kaka yake. Watoto wa pale walimwita Yule wa Ntchisi. Vihenge hawakuvihitaji, walikuwa na magunia. Sandifolo alimtunza vizuri, pengine vizuri mno, kama mtu anayelipa. Wakikaa kuota moto, Jailosi aliyapitia mambo yake polepole, kama anavyokagua mwanzi, akitafuta palipo na ufa. Kama angekwenda mapema, asingekuwa Jailosi yule aliyemshika Dailesi mkono akaondoka naye matangani, na huyo ndiye Dailesi aliyempenda. Kama asingekwenda kabisa, angekuwa amemshika mkono Alhamisi ile. Yeye alikwenda kutafuta mtu wa kushuhudia kwamba wanapendana, na katika kumtafuta akamwacha mwenye kupendwa akimwulizia mara tatu. Kila alipopita aliliona kosa, na hakuliona lilipoanzia.

"Wewe ulikuwa sahihi kumpenda hivyo," Sandifolo alimwambia siku moja.

"Nilimpenda kwa namna yangu. Yeye alikuwa ananiomba nimpende kwa namna yake. Haikuwa jambo kubwa. Safari ya siku moja."

Mwaka mzima ulipopita, mwezi wa sita, aliomba ruhusa ya kuzuru kaburi. Alituma ujumbe mbele kwa simu ya mpwa wake, kwa kuwa si vizuri kuwatokea watu bila taarifa.

Walimpokea vyema. Mkeka mpya ulitandikwa. Lingisoni mwenyewe alimpeleka makaburini, maana mtu wa nje haingii pale bila mwenyeji. Dailesi alikuwa amelazwa ukingoni, kulia kwake shangazi zake wa zamani. Kushoto, mahali palipokuwa wazi, palikuwa na kaburi jipya.

"Bi Nasibeko," Lingisoni akasema. "Mwezi wa tatu. Alitaka awe karibu na mtoto wake."

Jailosi alitazama nafasi iliyobaki. Baada ya Bi Nasibeko ulikuwa ua wa miiba. Aling'oa magugu yaliyokuwa juu ya Dailesi, kisha, kwa kuwa yalikuwa yameshikana, akang'oa na yale ya Bi Nasibeko.

Walirudi. Chakula kiliwekwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoijenga, naye akakaa upande wa mlango, wanapokaa wageni. Tiyanjane aliingia na beseni la maji ya kunawa, akapiga goti, akainamisha macho.

"Karibuni sana, baba. Mmesafirije huko?"

Alimsemesha mtu mmoja kama wengi, kwa heshima wanayopewa watu wa mbali. Hakuwahi kumwambia hivyo. Jailosi akanawa mikono, akashukuru kwa maneno yaleyale ya adabu anayotumia mgeni.

Walikula. Baadaye Tiyanjane akauliza ataondoka lini. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua maharage ya kuloweka yawe kiasi gani.

"Kesho," Jailosi akasema. "Basi la asubuhi."